Kabureta ya Pikipiki na Kilima

Wanachama wengi siku hizi hupeleka karafuu zao kituoni kwa pikipiki, na kila msimu huja malalamiko yale yale: chombo kikitiwa gunia hushindwa na kilima, hukohoa, au hula petroli kupita kiasi. Mwenyewe hushika bisibisi akazungusha ile skrubu ndogo ya ubavuni mwa kabureta, na kilima bado humshinda. Yafaa ifahamike kwa nini.

Kazi ya kabureta ni kuchanganya petroli na hewa. Kwa uzito, fungu moja la petroli lataka mafungu ya hewa kama 14.7 ili liungue lote. Petroli ikizidi, moshi huwa mweusi na fedha zako hutokea kwenye ekzosi. Hewa ikizidi, injini hupata moto mno, na hili ndilo la hatari, kwa kuwa laweza kutoboa pistoni. Na pistoni ikitoboka katikati ya msimu, karafuu zitangoja majamvini.

Basi kabureta haina njia moja ya petroli, ina tatu. Pikipiki ikinguruma imesimama, na mkono wa mafuta ukizungushwa hata kama robo, petroli hupita katika jeti ndogo, nayo ndiyo itawaliwayo na skrubu ile. Tangu robo mpaka robo tatu, mwenye amri ni sindano. Mkono ukifika mwisho, ni jeti kubwa. Mtu apandaye kilima na gunia nyuma mkono wake u katikati au zaidi. Skrubu ya mngurumo haina habari naye.

Kabla ya kugusa lo lote, safisha. Kwa maoni yangu kabureta nyingi zipelekwazo kwa fundi hazikuharibika, zimechafuka tu. Chujio la hewa lililojaa vumbi huzidisha petroli. La sponji huoshwa, la karatasi hubadilishwa, wala lisiondolewe kabisa kama wafanyavyo vijana wetu, maana vumbi la barabara husaga silinda kama msasa. Kisha funga petroli, legeza skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta, ukinge kwa gilasi. Maji yakiwamo, na katika petroli ya chupa mara nyingi yamo, utayaona yametuama chini mfano wa lulu. Jeti huzibuliwa kwa upepo wa pampu, si kwa waya. Waya hupanua tundu, na jeti iliyopanuka hairudi.

Ndipo utengeneze. Injini ipate moto kwanza, kisha izime. Skrubu ile ifunge polepole mpaka ikae, bila kuikaza, halafu ifungue mzunguko mmoja na nusu. Washa, uizungushe kidogo kidogo mpaka injini ingurume sawasawa na kwa kasi iliyo kubwa kabisa, kisha punguza mngurumo kwa skrubu ya pili. Skrubu iliyo upande wa chujio hutawala hewa: ukiifunga, petroli huzidi. Iliyo upande wa injini hutawala petroli: ukiifunga, petroli hupungua. Wengi hukosea hapa.

Kwa habari ya kilima, itazame plagi. Panda na mzigo wako wa kawaida, zima injini ukiwa juu, ngoja ipoe, ifungue. Nyeusi yenye masizi, petroli imezidi. Nyeupe, hewa imezidi. Rangi ya gunia kavu ndiyo tuitakayo. Ikiwa nyeupe, toa sindano, kibano chake ukishushe mkato mmoja. Sindano itakaa juu zaidi na petroli itaongezeka. Ikiwa nyeusi, kipandishe. Mkato mmoja tu kwa mara, kisha jaribu tena. Sindano isiyo na mikato mwachie fundi.

Jihadhari na pikipiki kuukuu iliyonunuliwa bara. Arusha i juu ya bahari kiasi cha mita 1,400, hewa yake ni nyepesi, na huenda fundi wa huko aliitia jeti ndogo. Vilima vya Pemba havifiki hata mita 150. Hewa yetu ni nzito, na kwa jeti hiyo petroli haitatosha.

Pikipiki mpya zisizo na kabureta, zipuliziwazo petroli kwa umeme, hazimo katika maneno haya.

Kazi hii ifanyike mbali na jiko, na mbali na majamvi pia. Karafuu hushika harufu upesi, na zilizodondokewa na petroli hazifai kupelekwa mizani.