Baba Yupi?

Mtoto wa miaka tisa aliniambia, "Baba alinishika." Nikaandika kwenye jalada: baba mzazi. Ilikuwa miaka yangu ya mwanzo kama afisa ustawi wa jamii, foleni ilikuwa imefika mlangoni, na sentensi ile niliiona imejitosheleza. Baba wa mtoto alishalala mahabusu siku mbili ndipo mama akaniuliza kwa sauti ya chini kama nilimwuliza binti yake ni baba yupi. Sikuwa nimemwuliza. Nyumbani kwao watoto walimwita "baba" pia mdogo wake baba yao, na huyo ndiye aliyemshika mtoto. Tulipokuwa tunahangaika na kaka mtu, yeye alikuwa ameshauhama mji.

Vyuoni tunafundishwa namna ya kukaa na mteja: usijikinge na meza, zima simu, usiandike huku umeinamisha kichwa kama karani wa mizigo. Yote hayo ni kweli. Lakini mashauri mengi niliyoyaona yakiharibika yaliharibikia kwenye maneno, pale afisa alipolichukua neno la mteja na kuweka lake.

Kiswahili chenyewe kinadai uangalifu. Mtoto akisema "alinivua nguo," ile "a" haijasema kama ni mwanamume au mwanamke. Afisa akiuliza, "Huyo mwanaume alikuwa nani?" amekwisha kumpa mtoto mwanamume ambaye hakumtaja. "Alilala na mimi" huenda ni kulala kitanda kimoja, kwa sababu nyumba ina vitanda viwili na watu saba. "Mkono" ni kuanzia begani hadi vidoleni. "Juzi" ya mtoto wa miaka mitano inaweza kuwa kabla ya Ramadhani. Na "tabia mbaya" inabeba mengi, kuanzia kuchunguliwa bafuni hadi kubakwa. Afisa akiandika "alibakwa" kwa sababu mtoto alisema "alinifanyia tabia mbaya," siku ya mahakamani mtoto atasema yake, jalada litasema lake, na wakili wa utetezi atasimama katikati ya tofauti hiyo. Ilitosha kumwambia, "Umesema tabia mbaya. Nieleze ilikuwaje," kisha kunyamaza.

Kosa linalonitia hofu kuliko yote ni swali lenye jibu ndani yake: "Alikupiga, siyo?" Mtoto huyu amekuamkia shikamoo dakika mbili zilizopita. Amelelewa asibishane na mkubwa. Atasema "ndiyo," wala hajakusudia kudanganya, ameonyesha adabu. Ukirudia swali lile lile, atadhani jibu la kwanza lilikuwa baya na atakutafutia jingine.

Marekani waliyaona madhara ya maswali ya namna hii katika kesi ya shule ya awali ya McMartin, California. Kuanzia mwaka 1983 watoto mamia walihojiwa kuhusu walimu wao kwa maswali ya kuwaongoza, wakasifiwa walipokubali na kubanwa walipokataa. Hadithi zikakua hadi zikafika kwenye mahandaki chini ya shule. Kesi ikaisha mwaka 1990 bila mtu yeyote kutiwa hatiani, na hadi leo mtu hawezi kuyatenganisha maneno ya watoto wale na maneno ya waliowahoji. Msiba wa pili ni huu: ikiwa kati yao yupo mtoto aliyeumizwa kweli, sauti yake ilifukiwa humo humo.

Baadaye mtafiti Michael Lamb na wenzake walitengeneza mwongozo wa kuhoji watoto ambao nguvu yake iko kwenye jambo dogo. Kabla ya kugusa tukio, mtoto anazoezwa kusimulia kitu cha kawaida, kwa mfano sikukuu, tangu mwanzo hadi mwisho. Anaambiwa pia kwamba "sijui" ni jibu zuri, na kwamba mhoji akikosea amsahihishe. Ndipo anaombwa, "Niambie kila kitu kilichotokea." Nimejaribu zoezi hilo kwa kumwuliza mtoto jinsi ya kupika uji. Binti mmoja alinikatiza: "Hapana, sukari mwisho." Hapo nikajua akija kusimulia kilichompata, nikikosea atanisahihisha.

Kwa watu wazima mtego ni mwingine. "Habari za nyumbani, mama?" "Nzuri tu, tunamshukuru Mungu." Hiyo ni salamu, ukiiandika kama hali ya nyumbani umejidanganya. Baada ya hapo mteja ataanzia mbali: mvua iligoma, mahindi yakakauka, akakopa kikoba, zamu ya marejesho ikafika. Afisa mwenye haraka atamkata: "Sawa mama, twende kwenye lile lililokuleta." Lakini lililomleta ndilo hilo. Kipigo kilianzia kwenye deni la kikoba. Akifika karibu na penyewe ataukunja upindo wa kanga, ataukunjua, atakaa kimya. Kimya hicho usikijaze. "Pole" ni neno jema, ila likitangulia mno linamwambia mtu amekwisha kumaliza. "Kwa nini hukuondoka?" ni mashtaka, hata ukilisema kwa upole. "Nieleze siku zile zilivyokuwa" linamwacha aongee. Na usimhoji mbele ya mama mkwe wala mjumbe aliyemsindikiza, hata kama yeye mwenyewe anasema hana tatizo. Hawezi kusema analo wakati wamekaa pale.

Kuna ahadi moja ambayo afisa hana haki ya kuitoa: "Usiogope, sitamwambia mtu." Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aifikishe kwenye mamlaka ya serikali za mitaa, sembuse sisi ambao ndiyo kazi yetu. Mtoto aliyeahidiwa siri, kisha akamwona askari wa Dawati la Jinsia mlangoni, hatamwamini tena mtu mzima. Mwambie kabla hajaanza: ukinieleza kwamba umeumizwa, nitawaambia watu wanaoweza kukulinda, na nitakujulisha kwanza ni nani.

Siku hizi ninagawa karatasi kwa mstari. Kushoto naandika swali langu kama nilivyolitamka, pamoja na yale yaliyonitoka vibaya. Kulia naandika jibu kama lilivyosemwa, hata likiwa nusu neno. Wiki iliyopita kwenye karatasi moja, kushoto kuna: "Umesema baba. Una watu wangapi unaowaita baba?" Kulia: "Watatu." Kushoto: "Unayemsema ni yupi?" Kulia: "Baba wa chumba cha uani."