Homa iliyotufuata kutoka ufuoni

Ukitembea kando ya bahari siku hizi, kusini mwa Likoni au kaskazini kuelekea Kikambala na Kilifi, utakuta mahema ambayo si yale tuliyoyajua tukiwa skauti. Ndani mna kitanda kipana chenye shuka nyeupe, feni, taa na choo cha kuvuta maji, na kwa nyuma bafu lisilo na paa ili mtu aoge akitazama nyota. Familia nyingi za Nairobi hupenda kwenda kujivinjari humo kwa siku tatu nne shule zinapofungwa. Sina ugomvi nazo. Mimi mwenyewe nilikwenda mwezi wa Agosti 2023, na nitasimulia yaliyotupata kwa sababu kosa kubwa katika habari hii lilikuwa langu.

Tulikuwa sita: mimi na mke wangu, watoto wetu wawili, dada yangu mdogo na bintiye wa miaka mitano. Tulipanda garimoshi la asubuhi kutoka Nairobi, tukavuka feri ya Likoni, na jua lilipokuwa likitua tulikuwa Tiwi, tukinywa maji ya madafu mchangani. Upepo wa kusi ulivuma kwa nguvu na ufuo ulijaa mwani, lakini watoto hawakujali. Usiku walifungua zipu ya hema ili wasikie mawimbi. Chandarua cha kitanda cha dada yangu kilikuwa na tundu la kupitisha ngumi, naye alilikunjakunja akalibana kwa pini ya nywele. Niliona nikacheka.

Sasa yapo mambo mawili ambayo msomaji wa mjini inafaa ayajue kuhusu malaria. La kwanza, jiji la Nairobi liko juu, yapata mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na baridi yake haimfai mbu aenezaye malaria. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa na kulelewa Nairobi hana kinga yoyote dhidi ya ugonjwa huo. Mtoto wa Kwale aliyeumwa na mbu tangu utotoni huenda akaugua kidogo tu pale ambapo mwenzake wa Buruburu atazimia.

La pili huwashangaza wengi. Kinga hiyo si mali ya urithi, wala haidumu kama alama ya chanjo mkononi. Mtu akihama pwani, akakaa miaka michache bila kuumwa na mbu hao, kinga hupungua sana. Mimi nilizaliwa Mombasa na nimeishi Nairobi tangu nilipojiunga na chuo kikuu kusomea udaktari. Niliwaandikia watoto vidonge vya kuzuia malaria, lakini mwenyewe sikumeza hata kimoja. Nilimwambia mke wangu kwamba mbu wa pwani wananijua. Sikuugua, lakini hiyo ilikuwa bahati tu.

Vidonge tulivyotumia vina mchanganyiko wa atovakwoni na proguanili. Humezwa kila siku pamoja na chakula, kuanzia siku moja au mbili kabla ya safari, muda wote wa kukaa huko, na kwa siku saba baada ya kuondoka. Hizo siku saba za mwisho ndizo watu huzitupa. Mbu akikuuma usiku wa mwisho wa likizo, vimelea huenda kwanza kwenye ini na kujificha humo kwa muda wa wiki moja hivi kabla ya kuingia katika damu. Ukiacha dawa mara tu ufikapo nyumbani, umeviacha viendelee kukua.

Dada yangu aliacha. Nilipompa dawa za bintiye tulikuwa kwenye foleni ya kukaguliwa mizigo kituoni, na yote niliyomwambia ni kwamba ampe mtoto kila siku baada ya chakula. Sikumwambia hadi lini. Baadaye, tulipokuwa tumeketi kwenye benchi la hospitali, alinieleza kwa sauti ya chini: "Kaka, nilidhani safari ikiisha na dawa zimeisha."

Siku ya kumi na mbili baada ya kurudi, aliniletea mtoto kliniki. Alikuwa na homa, kichwa kikimuuma na hamu ya chakula imemwisha. Ilikuwa Jumatatu, msimu wa baridi haujaisha Nairobi, na watoto saba niliokuwa nimewaona asubuhi ile walikuwa na mafua. Nilimwambia afungue mdomo, nikaona koo jekundu. Nikaandika dawa ya kuua bakteria na sharubati ya kutuliza homa. Aliniuliza, "Mjomba, tutarudi lini baharini?" nami nikamjibu kwamba tutarudi Desemba. Mtoto mwenyewe alinitajia bahari mdomoni pake, na bado sikushtuka! Nilikuwa nimeamini kwamba amemaliza vidonge, na jambo ambalo daktari ameliamini haliulizi tena.

Usiku wa Jumatano alipatwa na degedege. Wazee wetu wa pwani waliamini kwamba degedege huletwa na pepo, na ukimwona mtoto macho yakigeuka na mwili ukikakamaa saa nane za usiku, huwezi kuwalaumu. Tulimkimbiza hospitalini. Muuguzi wa zamu, msichana mdogo, aliuliza swali moja tu kabla ya mengine yote: je, amesafiri? Tone moja la damu kidoleni, dakika zipatazo ishirini za kungoja, na kipimo kikaonyesha malaria.

Alidungwa sindano ya atesuneti mara hiyo hiyo, nyingine baada ya saa kumi na mbili, na ya tatu saa ishirini na nne baada ya ile ya kwanza. Alipoweza kumeza alipewa vidonge vya atemetha na lumefantrini kwa siku tatu, dozi sita kwa jumla, akavinywa na maziwa kwa sababu dawa hii huingia mwilini vizuri zaidi ikiandamana na mafuta. Siku ya tatu aliomba chipsi. Leo ni mzima kabisa, lakini si kila mtoto hurudi akiwa mzima kutoka hapo.

Bado napata wagonjwa wanaoniomba klorokwini, ile dawa chungu ya kumeza kila Jumapili tulipokuwa wadogo. Kenya iliacha kuitegemea kutibu malaria mwaka wa 1998 kwa kuwa vimelea vilikuwa vimeizoea. Kama una kopo lake kabatini, litupe. Kadhalika usigawe vidonge vya mtu mzima kwa kisu ili umpe mtoto, kwani kipimo hufuata uzani wake. Mama mjamzito, na mtu mwenye ugonjwa wa seli mundu, wasiende bila kumwona daktari, kwani malaria huwadhuru zaidi.

Baada ya safari ya pwani, au ya kando ya Ziwa Viktoria, homa yoyote ndani ya miezi mitatu ichukuliwe kuwa malaria hadi damu ipimwe. Usingoje daktari akuulize. Ingia ukisema, "Nimetoka pwani tarehe fulani." Kipimo cha kwanza kisipoonyesha kitu na homa iendelee, rudi kesho yake upimwe tena.

Mbu wa malaria huuma usiku, lakini Mombasa ina mwingine mwenye madoadoa meupe miguuni ambaye huuma mchana. Huyu hueneza homa ya dengi na chikungunya, na jiji hilo lilipatwa na mlipuko wa dengi mwaka wa 2013 na wa chikungunya kati ya 2017 na 2018. Hutaga katika maji safi yaliyotuama: pipa la bafu lisilo na kifuniko, vyungu vya maua, hata vifuu vya nazi. Lile bafu letu lisilo na paa lilikuwa na vyote vitatu. Homa ikija na maumivu makali ya viungo au nyuma ya macho, usimeze aspirini wala ibuprofeni kabla ya kupimwa, kwa sababu dengi huweza kusababisha kuvuja damu. Parasetamoli yatosha.

Kuhusu bahari yenyewe, waulizeni wavuvi saa za maji kujaa. Wakati wa bamvua maji hupwa mbali sana, watoto hutembea hadi karibu na mwamba, kisha hujaa upesi kuliko wanavyoweza kurudi. Wavae viatu vya mpira majini, kwa sababu ya wale wanyama weusi wa miiba wanaojificha kwenye mawe. Aliyechomwa aloweke mguu katika maji ya moto anayoweza kuyavumilia, kwa nusu saa au zaidi. Mwiba ulioingia karibu na kiungo ni kazi ya hospitali.

Na jiko la makaa lisiingizwe ndani ya hema lililofungwa, hata kama mvua inanyesha. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, inayoua watu wakiwa usingizini.

Desemba ile tulirudi kweli, hema lile lile. Dada yangu alikuja na chandarua chake kipya chenye dawa, na kalenda aliyochora bintiye kwa penseli za rangi, yenye kisanduku kwa kila siku ya kumeza kidonge. Visanduku saba vya mwisho alivipaka rangi nyekundu. Chini yake kulikuwa na safu nyingine iliyoandikwa "Mjomba", na kila jioni alisimama mbele yangu na glasi ya maji hadi nimeze changu.