Merikebu Kubwa au Ndogo?

Msafiri anayekusudia kutalii baharini hana budi, kabla ya kulipa nauli, kuitafakari merikebu atakayoipanda, kwa kuwa ukubwa wa chombo ndio unaoamua bandari atakazozifikia. Merikebu iitwayo Icon of the Seas, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2024, ina urefu wa mita 365 na nafasi ya abiria zaidi ya 7,000; ni mji mzima unaoelea, wenye mabwawa ya kuogelea, michezo na maakuli ya kila namna, na kwa jamaa wenye watoto starehe hiyo si haba. Lakini chombo cha kimo hicho hakipokelewi kila mahali: kule Venice, tangu Agosti 2021, merikebu zizidizo tani 25,000 zimekatazwa kupita katika mfereji wa Giudecca, visiwa vya Galapagos havikaribishi chombo chenye abiria zaidi ya 100, na Antaktika, chombo chenye abiria zaidi ya 500 hakiruhusiwi kumshusha mtu pwani. Merikebu ndogo nayo haikosi ila zake, maana aghalabu nauli yake ni ghali, anasa zake ni chache, na mawimbi huisukasuka zaidi. Basi atakaye tamasha na apande kubwa. Aliyetamani kuzuru visiwa na kuwatazama wanyama wake, ndogo ndiyo stahiki yake.