Siri za serikali: Mtihani kwa wanafunzi wa sheria

WANAFUNZI wa sheria wanaposhindanishwa kuandika mapendekezo ya kurekebisha sheria ya upatikanaji wa habari, kazi ngumu huwa si kuitetea haki hiyo, bali kuiwekea mipaka.

Nchini Kenya, haki hiyo imo katika Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010, na utekelezaji wake umefafanuliwa katika Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ofisi ya umma hutakiwa kujibu ombi la raia ndani ya siku 21, au saa 48 endapo habari zinahusu uhai au uhuru wa mtu.

Hata hivyo, kifungu cha 6 cha sheria hiyo kinaruhusu ombi kukataliwa. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni usalama wa taifa, faragha ya mtu, maslahi ya kibiashara na uwezo wa serikali kusimamia uchumi.

Ni vigumu kumpata anayetaka faili ya mgonjwa au mipango ya jeshi ianikwe hadharani. Tatizo ni upana wa maneno hayo, ambao humpa afisa nafasi ya kuficha hata yale yasiyo na madhara.

Mfano ni mikataba ya reli ya SGR ya Mombasa hadi Nairobi, iliyojengwa kwa mikopo ya Benki ya Exim ya China. Wanaharakati wawili walipoinyimwa, walikwenda mahakamani. Serikali ilidai kuwa mikataba ina masharti ya usiri. Mnamo Mei 2022, Mahakama Kuu mjini Mombasa iliamuru itolewe, na Novemba mwaka huo sehemu yake ikawekwa hadharani. Kwa miaka kadhaa, mlipa kodi alikuwa amebeba deni asilojua masharti yake.

Hapo ndipo penye swali la marekebisho. Sheria inakubali kwamba manufaa ya umma yanaweza kuzidi madhara ya kutoa habari, lakini inaiachia mahakama uamuzi huo. Raia asiye na wakili atafikaje huko?

Pendekezo lenye uzito, basi, lingemtaka afisa anayepokea ombi ayapime mwenyewe manufaa na madhara hayo, kisha aeleze kwa maandishi ni madhara gani hasa anayoyahofia. Afisa asiyeweza kuyataja hana sababu ya kuificha habari.