Kura za Viungani Hazivai Sare

Kila msimu wa uchaguzi huulizwa swali lilelile: Ongata Rongai ni ya nani? Na Kitengela je? Wachambuzi wengi hujibu kwa kuchora ramani ya viunga vya Nairobi na kuipaka rangi za vyama. Wapiga kura wa Kajiado, kaunti yenye miji hiyo miwili, waliivuruga ramani hiyo tarehe 9 Agosti 2022. Siku moja, katika foleni zilezile, walimrudisha Joseph ole Lenku wa ODM kwenye ugavana, wakampa useneta Samuel Seki wa UDA, na kiti cha mwakilishi wa kike wakampa Leah Sankaire, naye wa UDA. Wabunge nao walitoka pande mbili. Kajiado Kaskazini, ambako ndiko ziliko Rongai na Ngong, ilimchagua Onesmus Ngogoyo wa UDA, ilhali Kajiado Mashariki, yenye Kitengela, ilimchagua Kakuta Maimai wa ODM.

Jibu la haraka ni kabila. Lina ukweli wake, hasa kwenye karatasi ya urais, maana mkazi wa Rongai anayelala huko na kufanya kazi Nairobi bado humsikiliza mzee wa kijijini kwao linapokuja suala la nani aingie Ikulu. Lakini shuka karatasi moja chini uone. Tangu kaunti zianze mwaka 2013, Kajiado imekuwa na magavana wawili, David Nkedianye na Lenku, wote Wamaasai, katika kaunti ambayo miji yake imejaa watu waliohamia kutoka kila pembe ya Kenya. Hesabu ya kabila pekee haiwezi kueleza jambo hilo.

Chama nacho hakielezi mengi. Marehemu George Saitoti alikuwa mbunge wa Kajiado Kaskazini kuanzia 1988 hadi alipofariki katika ajali ya helikopta Juni 2012. Alishinda kwa tiketi ya KANU, akashinda kwa NARC mwaka 2002, akashinda tena kwa PNU mwaka 2007. Lenku alishinda kwa Jubilee 2017, kisha kwa ODM 2022. Kofia ilibadilika, kichwa kikabaki, na wapiga kura walikuwa wanatazama kichwa.

Wanachokitazama zaidi kiko karibu na mlango. Mtu aliyenunua ploti ya hamsini kwa mia katika shamba lililokuwa malisho ya ng'ombe ana maswali yasiyo na kabila. Hatimiliki yake ni halali? Maji ya mfereji yatafika lini, au ataendelea kununua ya lori? Barabara ya mtaani itapitika mvua ikinyesha? Mwenyeji Mmaasai naye ana swali lake zito: nani atalinda ardhi na sauti ya jamii yake, wageni wakizidi kuongezeka? Ninaamini gavana hapa hupatikana pale maswali haya mawili yanapokutana. Anayemjibu mmoja na kumpuuza mwingine huanguka.

Anayetaka kupima hoja hii upande wa urais ana zana nzuri. Mwaka 2022 tume ya uchaguzi, IEBC, iliweka mtandaoni Fomu 34A zaidi ya 46,000, kila moja ikiwa na matokeo ya kituo kimoja chenye wapiga kura wasiozidi 700. Soma kituo kwa kituo. Jumla ya kaunti huficha mtaa, kwa sababu huchanganya ghorofa za Rongai na manyatta za mbali.

Lakini hata fomu hizo humwonyesha aliyepiga kura pale tu. Wakazi wengi wa viunga hivi wameandikishwa nyumbani kwao. Siku ya uchaguzi hupanda matatu kwenda kumchagua mbunge wa kijiji wanachokitembelea Krismasi, huku barabara wanayoikanyaga kila asubuhi ikiamuliwa na wengine. Hilo hunisikitisha kila uchaguzi.

Linalonisikitisha zaidi ni mipaka ya maeneo bunge. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya 47,564,296. Gawanya kwa maeneo bunge 290, unapata watu kama 164,000 kwa kila mbunge. Katiba inaruhusu miji mikubwa ipite kiwango hicho kwa asilimia 40, yaani hadi kama 230,000. Kaunti ndogo ya Kajiado Kaskazini ilihesabiwa kuwa na watu 306,596, wa Ongata Rongai peke yake wakiwa 172,569. Lamu Mashariki ilikuwa na watu 22,258, nayo ina mbunge wake. Siwaonei gere watu wa Lamu. Visiwa vyao vina shida zake, na Katiba yenyewe inazingatia maeneo yenye watu wachache. Ila mkazi wa Rongai anagawana mbunge wake na umati.

Mipaka hii ilitangazwa Machi 2012, na Katiba inataka ipitiwe upya kila baada ya miaka isiyopungua 8 wala kuzidi 12. Miaka 12 ilitimia Machi 2024, wakati IEBC haikuwa na kamishna hata mmoja. Mtoto aliyezaliwa Rongai mwezi ule mipaka ilipotangazwa atatimiza umri wa kupiga kura Machi 2030.