Nafasi ya Kalsiamu katika Mimea Kukataa Chavua Yake Yenyewe

Mimea mingi itoayo maua hubeba viungo vya kiume na vya kike katika ua moja. Ukaribu huo hurahisisha uchavushaji, lakini mmea unaojichavusha kizazi baada ya kizazi huweza kuzaa watoto dhaifu. Ndiyo maana baadhi ya spishi zina mfumo wa kijenetiki wa kutambua na kukataa chavua yake. Suala la msingi ni namna utambuzi unaofanyika kwenye utando wa seli unavyogeuka kuwa amri ndani ya seli. Kwa sehemu kubwa, mjumbe wa amri hiyo ni ioni za kalsiamu.

Katika Papaver rhoeas, yaani popi mwekundu wa mashamba ya Ulaya, stigma hutoa protini ndogo iitwayo PrsS, ilhali chavua ina PrpS katika utando wake. Protini hizo zikilingana, kalsiamu huingia kwa kasi katika neli ya chavua. Kwa kawaida kalsiamu hukolea kwenye ncha ya neli, na mkolezo huo ndio unaoongoza ukuaji. Baada ya chavua kukataliwa, mkolezo wa ncha hufifia na ukuaji hukoma katika dakika chache. Hatimaye nyuzi za aktini huvunjika, tindikali huongezeka ndani ya seli, na seli hujiua kwa utaratibu maalumu. Mwaka 2015 ilibainishwa kuwa jeni hizo mbili zikihamishiwa katika Arabidopsis thaliana, mmea unaojichavusha kwa kawaida, nao huikataa chavua yake.

Katika jamii ya kabichi, mpangilio ni kinyume. Chavua ndiyo hubeba protini ndogo, SCR, nacho kipokezi, SRK, kimo kwenye stigma. Kalsiamu hupanda ndani ya seli za stigma, na chavua hunyimwa maji ya kuotea.

Tofauti hiyo ina uzito wa kiuchumi. Kwa miongo mingi wazalishaji wametumia ukataaji huu kupata mbegu chotara za kabichi bila kuondoa stameni kwa mkono. Hata hivyo, kizuizi hichohicho hufanya utunzaji wa mistari ya wazazi kuwa wa gharama, kwani hulazimu kuchavusha vikonyo kwa mkono kabla havijachanua, wakati stigma bado haijapata uwezo wa kukataa. Hivyo basi, anayeielewa njia ya kalsiamu anaelewa pia mahali ambapo kizuizi hicho kingeweza kufunguliwa na kufungwa kwa hiari.