Swichi ya Taa Inapoharibika: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuigusa

Swichi ya taa ni kifaa kidogo chenye bei ndogo, lakini nyuma yake hupita umeme wa volti 230, kiasi kinachotosha kuua. Kadiri umeme unavyozidi kufika vijijini na katika makazi ya wachimbaji wadogo, kama Nyarugusu na Lwamgasa mkoani Geita, ndivyo wakazi wanavyopaswa kufahamu namna ya kukabiliana na hitilafu hiyo.

Dalili za hatari

Swichi mbovu hupata joto, hutoa mlio wa kukwaruza, cheche au harufu ya plastiki inayoungua. Mara nyingi chanzo ni skrubu iliyolegea ndani yake: waya usiokazwa vizuri hupata joto, joto huyeyusha plastiki, na hatimaye moto huweza kuzuka. Kuipigapiga swichi ili taa iwake ni kuahirisha hatari, si kuiondoa. Dalili hizo zikionekana, umeme uzimwe kwenye swichi kuu na fundi aitwe.

Kuzima umeme

Kuzima swichi ya taa pekee hakutoshi, kwa kuwa waya unaoleta umeme kwenye swichi hiyo hubaki na umeme hata taa ikiwa imezimwa. Kukatika kwa umeme au kuisha kwa uniti za LUKU nako si kinga, kwani umeme huweza kurudi fundi akiwa ameshika waya. Katika nyumba za kupanga, ambako vyumba vingi hutumia mita moja, wapangaji wote waarifiwe, na mtu mmoja ailinde swichi kuu ili mwingine asiiwashe kwa kudhani umeme umejizima. Penye jenereta au umeme wa sola, navyo vizimwe.

Kazi ya fundi

TANESCO huwajibika hadi kwenye mita. Nyaya za ndani ni jukumu la mwenye nyumba, na hushughulikiwa na fundi mwenye leseni ya EWURA. Mkazi asione haya kuomba kuiona leseni hiyo, wala kufuatilia iwapo fundi anafanya yafuatayo:

1. Anaijaribu testa yake mahali penye umeme, anazima swichi kuu, kisha anapima nyaya zote za swichi kabla ya kuzigusa.
2. Anaweka alama mahali pa kila waya. Rangi pekee isiaminike, kwani waliotangulia huenda walizichanganya.
3. Anahakikisha swichi inakata waya unaoleta umeme, si ule wa kurudisha. Ikikata wa kurudisha, taa huzimika lakini kishikizo cha balbu hubaki na umeme, na anayebadilisha balbu huweza kunaswa.
4. Anakata sehemu iliyoungua hadi kwenye shaba safi, anakaza skrubu, na anarudisha kifuniko kabla ya kuwasha umeme.

Mtu akinaswa

Aliyenaswa na umeme asiguswe kwa mikono. Swichi kuu izimwe kwanza. Ikishindikana, mwokoaji asimame mahali pakavu na kumtenganisha na waya kwa ubao mkavu. Kisha awahishwe kituo cha afya hata akionekana mzima, kwani mshtuko wa umeme huweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Mkazi anayehitaji maelekezo zaidi afike ofisi ya Mtendaji wa Kata yake au ofisi ya TANESCO iliyo karibu.